Si Kinga Dhaifu: Seli za Kinga Ndani ya Ugonjwa wa MS

Hotuba kwa wauguzi, wanafunzi wa tiba na familia za wagonjwa

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, madaktari na wauguzi, wanafunzi, na zaidi ya wote ninyi mnaoishi na ugonjwa huu pamoja na jamaa mliokuja nao: shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie seli za kinga na ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo ambao humu ukumbini wote tunauita MS. Nianze na maneno ambayo mgonjwa wa MS huyasikia kila apitapo. Jirani humwambia, "Mwenzangu, kinga yako imeshuka." Muuza dawa sokoni humwambia hivyo hivyo, kisha humuuzia chupa ya kupandisha kinga. Shangazi huleta unga wa mlonge na kusisitiza unywewe asubuhi na jioni. Wengi wao wana nia njema. Lakini kinga ya mgonjwa wa MS haijashuka. Seli zake zipo, zina nguvu, na zinafanya kazi usiku na mchana. Tatizo ni kile zinachokishambulia. Ukimpa kitu cha kupandisha kinga, na kama kweli kina uwezo huo, basi umeuongezea ugonjwa nguvu.

Jambo hili lilishaonekana kwa watu halisi. Mwaka 1987, Hillel Panitch na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la kuwapa wagonjwa 18 wa MS interferoni gama, kemikali ambayo seli zetu wenyewe huitoa ili kuamsha seli nyingine za kinga. Enzi hizo wengi walidhani mgonjwa ana upungufu fulani wa kinga dhidi ya kirusi, na kwamba kuichochea kungemsaidia. Saba kati ya wale 18 walipata shambulio jipya la ugonjwa wakiwa katika matibabu. Wazo hilo likaachwa. Kwa hiyo nikisema leo tuache kuwauzia wagonjwa wetu chupa za kupandisha kinga, ninasema kwa sababu hiyo.

Sasa tuangalie kinachoshambuliwa. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo, nyuzi za neva zimezungushiwa tabaka juu ya tabaka la mafuta na protini, nalo huitwa mayelini. Hutengenezwa na seli ziitwazo oligodendrosaiti, na seli moja huweza kuhudumia nyuzi nyingi kwa pamoja. Uzi wenye mayelini nene hupeleka ujumbe kwa kasi inayoweza kufika mita 100 kwa sekunde. Uzi usio nayo huenda mita 1 hivi. Mayelini ikibanduka, ujumbe huchelewa au hufia njiani, na baada ya muda uzi wenyewe nao hufa.

Dalili hutegemea mahali palipoguswa. Ikiwa ni neva ya jicho, mama ataziba jicho moja na kuona kanga yake nyekundu imepauka, azibe la pili aione nyekundu ileile ya dukani, na jicho bovu litamuuma kila akilizungusha. Ikiwa ni uti wa mgongo sehemu ya shingo, atainamisha kichwa wakati wa rukuu na kuhisi umeme ukimshuka mgongoni mpaka miguuni. Wengine huanza na ganzi kiunoni, wengine na mguu unaoburuta. Dalili hukaa siku au wiki kadhaa, hupoa, kisha miezi au miaka baadaye hujitokeza mahali pengine. Ndiyo maana wagonjwa wengi hapa kwetu hupita kwanza kwa waganga: ugonjwa unaohama na kujificha watu huutafsiri haraka kuwa ni mkono wa mtu. Lakini Jean-Martin Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, alikwishaonyesha mwaka 1868 kwamba dalili hizi zina madoa yake ndani ya ubongo na uti wa mgongo, madoa magumu unayoweza kuyaona kwa macho matupu.

Nani anayechimba madoa hayo? Mshukiwa wa kwanza ni seli T, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu.

Seli T huanzia kwenye uboho wa mifupa na kukomazwa katika tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Huko, zile zinazoutambua mwili wenyewe kwa nguvu mno huuawa. Usafishaji huo haukamiliki. Ukichukua damu ya mtu mzima mwenye afya, yangu ikiwemo, utakuta seli T chache zenye uwezo wa kuitambua mayelini. Huzunguka miaka yote bila kudhuru. Familia zilizopo hapa zilisikie hili vizuri, maana nimewaona mama wanaojilaumu kwa walichokula walipokuwa wajawazito: kuwa na seli hizi ni hali ya kila binadamu. Ugonjwa huanza zinapoamshwa, na wakati huohuo zile zinazotakiwa kuzituliza zikashindwa.

Hizo za kutuliza nazo ni seli T. Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambulisha mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zao juu ya jinsi mwili unavyojizuia kujishambulia. Kwa wagonjwa wa MS, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 uliona kwamba seli tulizi hazikuwa zimepungua kwa idadi. Uwezo wake wa kuzuia wenzake ndio uliokuwa mdogo.

Seli T iliyoamshwa hutoka kwenye tezi za limfu na kuingia katika damu. Ikifika kwenye vimishipa vya ubongo hukuta kuta zilizobanana kuliko mahali pengi mwilini. Ili ipite, lazima ishike ukuta kwa protini yake iitwayo integrini alfa-4, ijibane, ipenye. Ikishapita, bado haijapewa ruhusa ya kudhuru. Ni kama mgeni aliyeelekezwa mtaa: amefika mtaani, lakini bado lazima mtu amwonyeshe nyumba. Makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza taka, na seli nyingine zilizo kandokando ya mshipa ndizo zinazomwonyesha kipande cha mayelini mara ya pili. Hapo seli T hutoa kemikali zake, ule ukuta hulegea, na wenzake huingia kwa wingi.

Wanafunzi, mkipata kipande cha doa changa chini ya hadubini, tafuteni kwanza kimshipa cha vena. Mtakikuta kimezungukwa na seli ndogo ndogo zilizosongamana, kila moja na kiini cheusi cha duara kinachokaribia kuijaza seli nzima. Hizo ni limfosaiti, yaani seli nyeupe za kinga, seli T na ndugu zao seli B pamoja. Sogezeni kioo nje kidogo mtaona makrofaji, seli kubwa zilizojaa mapovu. Mapovu yale ni mafuta ya mayelini zilizokwisha kuimeza. Kipande kikipakwa ile rangi ya bluu inayoshika mayelini, bluu hutanda vizuri, kisha hukatika ghafla kwenye ukingo mkali, na ndani ya ukingo huo hakuna bluu kabisa.

Kwa miaka mingi macho yote yalikuwa kwa seli T saidizi, zenye alama ya CD4, kwa kuwa ndizo zinazoleta ugonjwa unaofanana na MS kwa wanyama wa maabara. Majaribio hayo yana historia ndefu, tangu Thomas Rivers huko New York alipowadunga nyani dondoo za ubongo wa sungura miaka ya 1930. Lakini ukihesabu seli ndani ya madoa ya binadamu waliofariki, seli T zenye alama ya CD8, zile zenye kuua moja kwa moja, ndizo huwa nyingi zaidi. Naamini utafiti ulimfuata panya kwa muda mrefu mno, na wagonjwa wakachelewa kunufaika.

Dhahiri zaidi ni habari ya seli B. Kila daktari aliyewahi kutoa maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa wa MS na kuyapima kimaabara anajua ile mistari ya kingamwili, protini za kinga, inayoonekana humo na haionekani kwenye damu. Wagonjwa walio wengi wanayo. Seli B ndizo huzaa seli za plazma, na seli za plazma ndizo hutengeneza kingamwili. Basi ikaonekana kwamba kama seli B zina kosa, kosa lao ni hizo kingamwili.

Mwaka 2008 Stephen Hauser wa San Francisco na wenzake walitoa matokeo yaliyovuruga hesabu hiyo. Walitumia ritaksimabu, dawa inayoziua seli B zenye alama ya CD20. Wagonjwa walikuwa 104. Waliopewa dawa walikuwa na madoa mapya yanayowaka kwenye picha za MRI pungufu kwa asilimia 91 kuliko waliopewa maji matupu, na nafuu hiyo ilionekana ndani ya miezi mitatu. Sasa fikirini: seli za plazma hazina alama ya CD20. Hazikuguswa. Kingamwili ziliendelea kuwepo, na ugonjwa ukatulia. Maana yake, seli B ilikuwa inafanya kazi nyingine kabisa: kumwonyesha seli T kipande cha kushambulia, na kumwagia wenzake kemikali za kuwasha moto.

Na pale watafiti walipotumia dawa nyingine, atasisepti, iliyolenga kuzipunguza seli B na seli za plazma kwa njia tofauti, mashambulio yaliongezeka na jaribio likasimamishwa mwaka 2009. Ndani ya ukoo wa seli B zimo pia zinazotuliza. Unaweza ukamgusa ndugu yuleyule wa damu, ukamponya mgonjwa au ukamzidishia, kutegemea ni nani hasa umemgusa.

Hapa nataka tutulie, maana kipande kinachofuata kinaanzia kwetu, Kampala.

Miaka ya 1950 daktari mpasuaji Denis Burkitt, katika hospitali ya Mulago, aliwaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, na mwaka 1958 aliuandika. Machi 1961 alikwenda London kutoa mhadhara. Kati ya waliomsikiliza alikuwapo Anthony Epstein, mtu wa hadubini ya elektroni. Wakakubaliana, na vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vikaanza kusafirishwa kwa ndege hadi London. Kimoja kilichelewa kwa ajili ya ukungu mwezi Desemba 1963, kikafika majimaji yake yamechafuka, na ndani yake seli zilikuwa zinaelea zikiwa hai. Zilikuwa seli B za saratani. Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wa Trinidad wakazikuza, na mwaka 1964 wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr.

Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho. Huingia kwa mate, na hubaki maisha yote kimejificha ndani ya seli B zenye kumbukumbu. Januari 2022 kundi la Alberto Ascherio wa Chuo Kikuu cha Harvard lilichapisha kazi iliyowafuatilia wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani kwa miaka 20. Kati yao, 955 walipatikana na MS wakiwa jeshini. Hatari ya kuugua ilipanda mara 32 baada ya kuambukizwa kirusi hiki, na haikupanda kwa virusi vingine walivyovilinganisha. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana kingamwili inayoshika protini ya kirusi, EBNA1, na kwa mkono uleule inashika protini iliyomo ubongoni, GlialCAM. Kirusi kilichopatikana kwa uchungu wa wazazi wa Kiganda kimegeuka kuwa mlango wa kuielewa MS ya dunia nzima. Napenda watoto wale wakumbukwe kila jambo hili linapotajwa.

Mtauliza: ikiwa karibu kila mtoto wa Afrika Mashariki anacho kirusi hiki, mbona MS ni nadra kwetu? Swali zuri. Kwanza, watoto wetu hukipata wakiwa wadogo sana, na hupita kimyakimya. Anayekipata ujanani mara nyingi huugua homa na kuvimba tezi za shingo, na huyo ndiye mwenye hatari kubwa zaidi ya MS baadaye. Pili, jua letu ni kali, na uhaba wa vitamini D unahusiana na ugonjwa. Tatu, ile aina ya jeni, HLA-DRB1*15:01, inayoongeza hatari kwa watu wa Ulaya ya kaskazini, ni adimu kwa Waafrika wengi. Nne, na hili naliona kubwa, hatupimi. Mashine za MRI ni chache, bei yake inawakimbiza watu, na madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu wako mijini. Mwaka 2013 uchunguzi wa kusini mwa California uliwakuta wanawake weusi wakiugua MS kwa kiwango cha juu kuliko wazungu wa hapohapo. Tuache basi kumwambia binti wa Mbeya au Kisumu kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu, hauwezi kuwa wake.

Kuna ndugu wa MS ambaye sisi watu weusi anatupata kwa uwiano mkubwa zaidi, na kumchanganya na MS ni hatari. Anaitwa niuromaelitisi optika. Hupofusha macho yote mawili, hulemaza miguu, na wakati mwingine huanza kwa kwikwi na kutapika siku nzima bila tumbo kuwa na tatizo. Huko kingamwili ndiyo mtendaji mkuu. Vanda Lennon na wenzake wa Mayo Clinic waliitambua mwaka 2004, na mwaka uliofuata wakaonyesha inakoshika: akwaporini-4, mlango wa maji kwenye seli ziitwazo astrosaiti. Baadhi ya dawa za MS, zikiwemo interferoni beta, natalizumabu na fingolimodi, zinaweza kumzidishia mgonjwa huyu vibaya. Kwa hiyo daktari kijana, ukimwona mgonjwa aliyepofuka jicho na picha ya uti wa mgongo ina doa refu lililopita pingili tatu au zaidi, usiandike MS haraka. Tuma damu ikapimwe akwaporini-4, hata kama sampuli italazimika kusafiri nje ya nchi.

Nirudi kwenye dawa, kwa ufupi. Natalizumabu huziba ile integrini, seli T isishike ukuta. Iliruhusiwa Marekani Novemba 2004, ikaondolewa Februari 2005 baada ya wagonjwa kupata maambukizi mabaya ya ubongo ya kirusi cha JC, ikarudishwa 2006 chini ya uangalizi mkali. Kumbe seli T zinazopita ubongoni hufanya ulinzi wa lazima. Fingolimodi, ya mwaka 2010, huzifungia limfosaiti ndani ya tezi za limfu. Okrelizumabu, ndugu wa ritaksimabu, mwaka 2017 ikawa ya kwanza kuruhusiwa Marekani hata kwa MS inayodidimia tangu mwanzo bila kupoa.

Dawa zote hizi zinagusa seli zinazotoka kwenye damu. Yapo maikroglia, seli za kinga ambazo ni wakazi wa ubongo tangu tukiwa tumboni. Hayazaliwi kwenye uboho. Katika madoa ya zamani hukaa ukingoni yakiwa yamebeba chuma, na doa linaendelea kupanuka taratibu mwaka hadi mwaka wakati mgonjwa hana shambulio lolote. Ndiyo sababu kuna mgonjwa ambaye picha zake hazionyeshi doa jipya lakini mwendo unazidi kuwa mzito. Anaposema "nazidi kuchoka", aaminiwe. Dawa iitwayo tolebrutinibu, inayoingia ubongoni na kuyafikia maikroglia, ilipunguza hatari ya ulemavu kuongezeka kwa asilimia 31 katika jaribio moja kubwa lililochapishwa 2025, ingawa ini la baadhi ya wagonjwa liliumia.

Kwa ninyi mlio nyumbani na wagonjwa, yako mambo mawili ya seli hizi mtakayoyaona kwa macho yenu. Mama mwenye MS akiwa mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwisho, mashambulio hupungua sana, kwa kuwa kinga ya mama hujituliza ili imbebe mtoto. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua hupanda tena. Mshikeni hasa wakati huo. Msimwachie mtoto na kazi zote kwa sababu tu alionekana mzima alipokuwa na mimba. La pili ni joto. Mtu akioga maji ya moto, au akitembea juani Dar es Salaam mwezi wa Februari, macho yanaweza kufifia na miguu kulegea kwa muda. Hilo si shambulio jipya la seli. Ni uzi ulioumia zamani, unaoshindwa kupeleka ujumbe mwili ukipata joto. Akae kivulini, anywe maji baridi, atarudi alivyokuwa. Dalili mpya ikidumu zaidi ya saa 24 bila homa, hapo ndipo mwende hospitali.

Namalizia na ritaksimabu, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS, pamoja na kladribini na glatirama. Hospitali zetu kubwa tayari zinaijua kwa ajili ya saratani ya limfu. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaosimamia bima na maduka ya dawa ya hospitali ni kwamba mgonjwa wa MS naye ahesabiwe katika manunuzi hayo. Na kwenu wauguzi mtakaoitundika: kabla ya dripu ya kwanza, hakikisheni majibu ya homa ya ini B yapo kwenye faili, maana virusi vilivyolala huweza kuamka seli B zikishaondoka, na kwetu homa hiyo ni ya kawaida. Ulizeni kuhusu kifua kikuu. Chanjo anazohitaji mgonjwa zitangulie kwa wiki kadhaa. Mkae naye saa za mwanzo, dripu iende polepole, mkiangalia presha, vipele na kubanwa kifua.

Asanteni sana. Karibuni kwa maswali, na tuanze na wagonjwa wenyewe.